Daktari wa Kidonda cha Mbogo

Hapo zamani za kale, nyika ikiwa bado haijajua uzio, aliishi Mbogo na mkewe na ndama wao. Mbogo alikuwa na shingo nene kama gogo. Siku moja alipigana na Simba akamshinda, lakini alirudi na kidonda begani.

Shashi, yule ndege mdogo wa mdomo mwekundu anayekula kupe migongoni mwa wanyama, akatua juu yake. Pwa!

"Pole, baba! Niachie mimi. Nitakisafisha mpaka kipone."

"Twende tukagaegae topeni," mkewe Mbogo akasema. "Tope litakifunika, nzi hawatakigusa."

"Tope? Lo! Mama, unataka mumeo aoze?"

Mbogo akamsikiliza Shashi. Kila ganda lilipoanza kushika, Shashi huyo: du! du! du!

"Aii! Inauma!"

"Dawa huuma, baba. Vumilia."

Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, kidonda bado kibichi. Mbogo akakonda, mbavu zote nje.

Mchana mmoja, Mbogo akiwa amesinzia, mkewe alimwona Shashi akibandua ganda na kufyonza damu, fyu, fyu, macho ameyafumba kwa utamu. Akamkurupusha kwa mkia.

"Mume wangu, huyu anakunywa wewe!"

Mbogo akazinduka kwa hasira, akampiga mkewe pembe ya ubavu. "Unamfukuza daktari wangu?"

Majani yalikuwa yamekwisha na kundi lao lilikuwa linahamia mtoni. Mama yule akamtanguliza ndama, wakaenda. Mbogo alipotaka kuwafuata, miguu ilikataa.

Jioni fisi wakaja, wameifuata harufu ya damu.

"Shashi! Piga kelele, kundi lisikie!"

Shashi akapangusa mdomo kwenye pembe ya Mbogo. "Kundi liko mbali, baba. Na mimi nimeshiba."

"Basi niambie kweli. Kidonda changu kilikuwa kinapona?"

"Kila siku kilitaka kupona. Mimi ndiye niliyekikatalia."

Purrr! Akaruka.

Fisi wakasogea. Mbogo aliinua kichwa, akatazama upande wa mtoni. Vumbi la kundi lilikuwa limeshatua.

Yakaishia hapo, wanangu: anayekula kwenye kidonda chako hatakubali upone.