Banda la Bi Hadia ni la Nani?

Kaeni mkao wa kuamua, si wa kusinzia, maana hadithi hii ikifika mwisho nitawakabidhi kazi.

Katika milima ya Usambara walikuwepo watu watatu wenye vipawa. Mbelwa alikuwa dereva. Gari likitaka kuugua, yeye alihisi kwenye nyayo na kiunoni kabla taa yoyote haijawaka. Stumai alikuwa fundi umeme wa magari. Umeme, ambao wengi wetu tunauogopa kwa kuwa hatuuoni, yeye aliufuata kama mkulima anavyofuata maji kwenye mfereji. Wa tatu, mzee Singano, alikuwa fundi injini, na vidole vyake virefu vilipita mahali ambapo spana haipiti.

Alikuwepo pia Bi Hadia, mjane mwenye pikapu moja ya dizeli, ambayo Mbelwa ndiye aliyeiendesha. Kipawa chake yeye kilikuwa kutomwamini mtu.

Hakuzaliwa nacho. Pikapu ile ndiyo iliyopandisha kabichi za watu kutoka bondeni hadi mjini, na ndiyo iliyopandisha wagonjwa hospitalini. Baada ya masika ikaanza kukata nguvu mlimani. Taa ya injini inawaka, moshi mweusi unatoka, gari linatambaa. Ukilizima na kuliwasha tena, linakwenda kana kwamba halijawahi kuugua. Stumai alilipima akasema kosa liko kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ukachomwe tena. Bi Hadia akanunua mpya, ikafungwa. Juma halikuisha, ugonjwa ukarudi. Kisha siku moja gari likakwama kwenye mpando mkali, ndani yake mna mtoto wa jirani mwenye degedege. Mama yake alimshusha, akampandisha mlima mgongoni, huku akilia. Mtoto alipona. Lakini Bi Hadia hakuweza tena kumtazama yule mama usoni, na moyoni akajiambia kwamba katika watu hawa kuna anayemchezea.

Basi akawaita wote watatu asubuhi moja, uani kwake, ili kila mmoja awe jicho la mwenzake. Mbele ya majirani akaapa kwamba atakayeliponya gari lile atampa banda lake la barabarani, lile lenye paa zuri na mlango wa chuma.

Kila mmoja alilihitaji. Karakana ya Singano ilikuwa imeezuliwa na upepo. Stumai alifanyia kazi kwenye kibaraza cha watu, mvua ikinyesha anafunga. Mbelwa alikuwa na mke mwenye cherehani na hana pa kuiweka.

Bi Hadia akaweka kigoda karibu na boneti, akakaa. Kabla hawajagusa kitu, alichukua rangi ya kucha ya binti yake akaitia valvu alama nyekundu, isije ikabadilishwa mbele ya macho yake. Stumai aliona, akakaza midomo.

Walipowasha, injini ilinguruma vizuri. Walipoipima, haikuonyesha kosa. Singano akasema gari halina kitu. Stumai akasema huenda tatizo ni dereva. Bi Hadia akawatazama mmoja mmoja, akaona jinsi wanavyokwepana macho.

Ndipo Mbelwa alipojikuna shingo, akasema, "Linaugua likiwa na mzigo tu. Gia ya pili, mlimani. Nasikia injini inajiinua kidogo, kama mtu anayetaka kusimama, halafu ndiyo taa inawaka. Kwenye tambarare halijawahi."

Bi Hadia akamuuliza kwa nini siku zote hizo hakulisema hilo. Mbelwa akageuka kuangalia matairi. Bi Hadia akajijibu mwenyewe moyoni: mizigo aliyomruhusu Mbelwa ilikuwa ya wastani, na gari linalojiinua hivyo limejazwa kwa siri magunia ya mtu mwingine.

Stumai aliyashika maneno yale. Kwanza akaifungua valvu na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikafunguka, ikafunga, bila kusita. Akairudisha, na Bi Hadia akainama kuhakikisha alama nyekundu ingalipo. Kisha Stumai akachomeka sindano za mita kwenye waya unaopeleka habari za valvu kwenye kompyuta ya gari, akamwambia Mbelwa akanyage breki, aingize gia ya pili, aachie klachi kidogo kidogo. Injini ikajiinua. Mita ikashuka hadi sifuri, na taa ikawaka.

"Valvu ni nzima," akasema Stumai. "Waya wake ndio unaogusa chuma mahali fulani, injini ikijiinua."

"Na ile ya zamani uliyoitoa?" akauliza Bi Hadia. "Nayo ilikuwa nzima?"

Stumai alikunja waya za mita yake taratibu. Alisema labda ilikuwa nzima, kwamba siku ile alipima gari likiwa limesimama. Ya zamani alikuwa nayo bado nyumbani kwake.

Waya ule ulipita nyuma ya injini pamoja na nyingine nyingi, kwenye giza na masizi, na kuufungua mkia wote ule wa waya kungechukua siku mbili. Mzee Singano akakunja mkono wa shati, akafumba macho, akauingiza mkono wake hadi kwenye kiwiko. Hakuomba tochi. Kitambo kidogo akasema, "Huu hapa." Akauvuta mbele taratibu. Ngozi ya waya ilikuwa imelika kwenye ncha ya kishikio cha chuma, na shaba ikang'aa. Akaufunga utepe, akausogeza mbali na chuma, akaukaza pale ulipopaswa kukazwa.

Bi Hadia hakushukuru. Alikumbuka kwamba wakati wa masika ni Singano aliyeshusha giaboksi ya gari lile na kuirudisha.

"Umejuaje pa kushika, mzee wangu?"

"Mikono yangu inajua, mama."

"Au ndiyo iliyouacha waya hivyo siku ile ya giaboksi?"

Singano akafuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema waya hulegea wenyewe, magari yanatikisika.

Wakalijaza gari mchanga. Bi Hadia mwenyewe akapanda mbele, akashika mkoba wake kifuani, wakaupanda mlima ule ule uliolishinda gari siku ya mtoto. Gia ya pili, kona baada ya kona, injini ikijiinua. Taa haikuwaka. Walipofika mbele ya lango la hospitali, Bi Hadia aligeuza uso dirishani, Mbelwa asimwone.

Aliporudi, majirani walikuwa wamejaa mbele ya banda. Mbelwa akasema bila yeye wangeapa hadi leo kwamba gari ni zima. Stumai akasema bila yeye wangenunua valvu ya tatu. Singano akasema maneno na mita havijawahi kufunga waya. Mtu mmoja akashauri wagawane. Wote watatu wakakataa kwa pamoja: hakuna aliyekuwa tayari kuacha vyombo vyake ndani ya mlango mmoja na wale wawili.

Bi Hadia alisimama na ufunguo mkononi. Kila mmoja wao alikuwa ameliponya gari lake. Na kila mmoja, alipomtazama vizuri, huenda alikuwa na sehemu katika kuliuguza. Lakini kiapo ni kiapo, na watu wanangoja.

Haya, mliosikiliza. Ufunguo ungekuwa mkononi mwako, na wao watatu wanakutazama, ungemkabidhi nani?