Mwanamke Aliyemsoma Mungu Katika Mkate

Waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema, wametuachia habari ya mwanamke mmoja wa Misri, aliyeishi kando ya Mto Nili, jina lake Dimiana. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya madhabahu. Kila Jumapili alfajiri, akiwa amefunga, alikanda unga huku akisoma Zaburi kwa moyo, akaupiga kila mkate muhuri wa msalaba, kisha akautia tanuruni. Sharti lilikuwa moja: mkate ukishatoka motoni, kisu kisiuguse. Ulivyotoka ndivyo utakavyopelekwa kwa Bwana.

Dimiana alikuwa mcha Mungu, hilo halina ubishi. Lakini wacha Mungu nao wana vituko vyao. Kwa miaka mingi alikuwa na siri ambayo hakumwambia hata kasisi: aliisoma ile mikate. Msalaba ukitoka wazi, alijua Mungu yu radhi naye, akaishi wiki nzima kwa furaha. Ukitoka na ufa, alijua Mungu amenuna, akatembea kwa kunyata mpaka Jumapili nyingine. Alimfanya Muumba wa mbingu na nchi kama mama mkwe, wa kuchunguzwa uso kila asubuhi.

Basi mumewe Pafnuti, mwashi wa mawe, akashikwa na homa isiyosikia dawa. Jumapili ya kwanza ya ugonjwa mikate ikatoka imepasuka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, misalaba ilikatika katikati. Dimiana akakata tamaa. Kila jioni Pafnuti alimwomba amsomee Zaburi, maana yeye mwenyewe pumzi haikumtosha, naye alijibu, "Baadaye, mume wangu," na hiyo baadaye haikufika. Aliamini kwamba Mungu hamsikii tena. Inahuzunisha kulisimulia jambo hili: mtu anaelekea kaburini, na mkewe aliye karibu naye hathubutu kumwombea.

Jumapili ya nne mikate ikapasuka tena. Akachukua kisu, akaichonga upya misalaba, mkate baada ya mkate. Alipofika mlangoni pa kanisa na kikapu chake, akasimama nje asiingie. Kasisi Yusto, mzee aliyezaliwa katika nyumba ya waokaji, akatoka kumpokea.

"Baba, usiipokee," akasema Dimiana. "Nimeichonga kwa kisu."

Akamweleza yote, tangu ile siri ya miaka mingi hadi Zaburi alizomnyima mumewe. "Mungu amenigeuka, Baba. Alikuwa akinipenda, sasa hanitaki."

Kasisi hakumkaripia. "Umebakiza hata mmoja usioguswa na kisu?"

"Mmoja, Baba. Huo umepasuka vibaya mno, niliona haya hata kuuchonga."

Kasisi akauchukua, akaubonyeza ukingoni kwa kidole. "Unga huu uliuacha upumzike kwa muda gani kabla ya kuutia motoni?"

"Sikuuacha, Baba. Nakanda, natia tanuruni papo hapo, nakimbilia kwa mgonjwa. Nitaupumzisha saa ngapi?"

"Basi ndiyo sababu umepasuka. Binti yangu, Mungu hakununa. Ulipokuwa ukimwimbia alikupenda, na ulipomnyamazia alikupenda, kwa upendo ule ule, haukuongezeka wala haukupungua. Yeye hana leo hivi, kesho vile. Aliyebadilika ni wewe, tena si kwa uovu, ni kwa kuchoka. Nenda ukakae na mumeo. Mkate huu unatutosha kwa ibada ya leo."

Dimiana alilia njia nzima. Tangu siku hiyo hakukosa kumsomea Pafnuti, asubuhi na jioni. Jumapili iliyofuata akakanda unga, akaufunika kwa kitambaa, na ulipokuwa ukipumzika akaketi kitandani, akamshika mumewe mkono. Wakasoma Zaburi pamoja, yeye kwa sauti, Pafnuti kwa midomo tu. Kabla hawajamaliza, Pafnuti akakata roho. Dimiana akaimalizia Zaburi peke yake. Kisha akamfumba macho, akawaita majirani, akarudi tanuruni, kwa kuwa watu walikuwa wakiungoja mkate.

Mikate ikatoka mizuri kuliko yote aliyowahi kuoka. Jirani mmoja alipoiona akashika mdomo.

"Ee, dada! Siku ya msiba kama hii, msalaba unatoka hivi? Mungu ana maana gani?"

"Unga umepumzika," akajibu Dimiana. "Mume wangu amekufa, nami naumia sana. Mungu ni yule yule wa jana."

Akajitwika kikapu, akaenda kanisani.

Ndugu zangu, tusimcheke mama huyu. Mara ngapi sisi nasi tumempima Mungu kwa mvua, kwa mavuno, kwa afya ya watoto wetu? Furaha yetu hupanda na kushuka, naye hapandi wala hashuki pamoja nayo. Siku tuliyocheka na siku tuliyozika, mkono uliotushika ulikuwa mmoja.