Kamba Kavu Kisimani

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa Waislamu palikuwa na nyumba ya wakfu iliyowekwa kwa ajili ya wanawake wazee wasio na wa kuwatunza. Msimamizi wake alikuwa Bibi Atika. Kila mwaka Kadhi wa mji humtuma mwanamke mwadilifu akaitazame hali ya wazee wale na kutoa ushahidi, na ushahidi huo husomwa msikitini baada ya swala ya Alasiri. Ukishasomwa, basi. Hapana aendaye tena kuuliza mpaka mwaka ugeuke.

Mwaka huo alitumwa Bibi Lubaba, mjane mcha Mungu ambaye hajapata kusikiwa akisema uongo hata wa mzaha. Kadhi alipompa amana ile, aliingiwa na hofu. Hakuiogopa kazi, aliiogopa nafsi yake. Mumewe alipougua maradhi ya kufa, Atika ndiye aliyemsaidia kumuuguza mpaka dakika ya mwisho. "Nitaitazama nyumba ya Atika kwa jicho gani?" alijiuliza.

Atika alimlaki mlangoni kwa furaha. "Karibu, dada yangu. Tazama upendavyo, hapana mlango uliofungwa."

Na kweli haukuwapo. Ua ulikuwa umefagiwa, mikeka ilikuwa mipya, udi ulifukizwa na chakula kilinukia. Hata kisimani, kamba ya ndoo ilikuwa kavu, imeviringwa vizuri kama kilemba cha bwana harusi. Lubaba akaipenda, akapita.

Akaingia vyumbani kuuliza mmoja mmoja.

"U hali gani, mama?"

"Alhamdulillahi."

"Una shida yoyote?"

"Mola hajaninyima kitu, mwanangu."

Tunajijua, ndugu zangu. Sisi hata paa likituangukia, tukiulizwa habari tutajibu kutoka chini ya kifusi kwamba ni njema. Na mja mwema ndiye zaidi, kwani ulimi wake umezoea njia moja tu.

Adhana ya Adhuhuri ilimkuta chumbani kwa Bibi Hunaida, ajuza asiyeweza kusimama. Kitanda chake kilikuwa kando ya ukuta wa udongo. Hunaida akapiga viganja vyake ukutani, akapangusa uso. Akapiga tena, akapangusa mikono. Kisha akaswali amekaa. Pale alipozoea kupiga, ukuta ulikuwa umebonyea. Lubaba akatokwa na machozi. "Maradhi yamemzuia kutawadha kwa maji," akasema moyoni, "wala hajaiacha swala yake!" Akatoka mle mwepesi, hofu yake yote imemwondoka, akaipita tena ile kamba kavu kisimani, akaenda moja kwa moja kwa Kadhi.

"Nimemuuliza kila mmoja, na kila mmoja ameshukuru," akashuhudia. "Nyumba ni njema."

Alasiri ilipokaribia, aliketi nyumbani kwake kutawadha. Maji yalipomfika viwikoni, akasita. Hunaida hakuwa na jeraha. Homa pia hakuwa nayo, kwa kuwa Lubaba mwenyewe alimshika mkono, ukawa baridi. Basi ni maradhi gani yaliyomzuia maji? Akavikumbuka na vyumba vingine: karibu na kila kitanda, ukuta ulikuwa umebonyea vilevile. Na ile kamba! Adhuhuri, wakati ambapo nyumba nzima yapasa itawadhe, kamba ya kisima ilikuwa kavu.

"Subhanallah," akasema kwa sauti. "Wanatayamamu, wanajitwaharisha kwa vumbi la ukuta, kwa sababu hapana anayewapelekea maji."

Akiutengua ushahidi wake, Kadhi hatamkubali tena kuwa shahidi, na mji mzima utamwita kigeugeu. Na Atika, aliyemfumba mumewe macho alipokata roho! Akinyamaza, wazee wale watabaki na vumbi lao mwaka mzima. Alitamani akimbie kwanza kwa Hunaida akapate yakini, lakini adhana ilikuwa imekwisha kutolewa na karatasi ilikuwa mkononi mwa Kadhi. Akatoka na mikono yake ikidondoka maji.

Aliswali nyuma ya pazia na wanawake wenzake, na kila rakaa aliiona ndefu, naye akaona haya mbele ya Mola wake kwa kuiona hivyo. Imamu alipotoa salamu, Kadhi akasimama na kukunjua karatasi. Akaanza, "Bismillahi..."

Lubaba akapiga makofi, kama wanawake wafanyavyo imamu anapokosea ndani ya swala.

"Ni nani huyo?" akauliza Kadhi.

"Ni mimi, Lubaba. Ewe Kadhi, usisome. Nimekosea."

"Wazee walikudanganya?"

"Hasha. Walimshukuru Mola wao, nami nikadhani wanamsifu Atika."

"Unajua kwamba mwenye kuutengua ushahidi wake simwiti tena?"

"Najua."

"Na Atika ni rafiki yako."

"Ndiyo maana nilifurahi upesi."

Kadhi akaikunja karatasi, akafuatana naye mpaka nyumba ya wakfu, akasimama uani. Atika alipopata habari, uso ulimbadilika.

"Umenifedhehesha, dada! Hapana hata mmoja aliyewahi kulalamika. Kila siku nawauliza hali, na kila siku wananijibu vizuri."

Lubaba akaenda kisimani. Alifungua kamba, akateka maji, akayapeleka kwa Hunaida, naye Atika akamfuata. Ajuza akatumbukiza mikono yake katika bakuli, akaiacha humo kitambo.

"Mama," akasema Lubaba, "kwa haki ya Mwenyezi Mungu, mara ya mwisho ulitawadha lini?"

Hunaida akainamisha kichwa. "Kabla ya Ramadhani. Watumishi wana kazi nyingi, mwanangu, mara kufagia, mara kupika. Hata ya kunywa nayapunguza, nisije nikamsumbua mtu kunipeleka msalani."

Atika akaketi chini palepale mlangoni, akalia. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza hali yangu," akajibu Hunaida kwa upole, "na hali yangu ni kushukuru. Habari ya maji hukuniuliza."

Kadhi alimwacha Atika katika usimamizi wake, kwa kuwa aliyaona machozi yake. Ila toka siku ile, kila Adhuhuri alimtuma mtu kwenda kuigusa kamba ya kisima. Naye Lubaba, kama alivyoambiwa, hakuitwa tena kutoa ushahidi. Aliteka maji katika nyumba ile mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi ndugu yangu, ukienda kumtazama mzazi wako popote ulipomweka, naye akakujibu alhamdulillahi, usiinuke upesi ukaaga. Shukrani ile ni baina yake na Mola wake. Wewe utaulizwa habari ya maji.