Lango la Wenyeji Wawili

Lango la wenyeji wawili, ufunguo wake maiti. Mmeisikia leo pale zahanati, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kisekela palikuwa na uwanja wa ndege wa jeshi. Wakubwa wakaamua ndege za raia nazo zitue hapo hapo. Siku ya sherehe, meja wa kambi akasema, “Sisi ndio wenyeji, raia ni wageni wetu.” Meneja wa ndege za raia akaruka: “Wageni gani? Mwenyeji ni mimi!” Wakabishana mbele za watu mpaka pilau ikapoa. Mwishowe kila mmoja akatia kufuli yake kwenye komeo moja la lango, wakawekeana sharti: mwenyeji ndiye aanze kufungua, na lolote litakalotokea hapo ni dhamana yake.

Lutonja, mkulima wa pamba, alikuwepo na mkewe, Nyanjige. Nyanjige akacheka, “Baba Shija, hawa wakipewa mke mmoja, watamgawa vipande!”

Masika yakaja, mto ukabeba daraja la barabara ya mjini. Ndipo swila akamuuma Nyanjige shambani. Mganga wa zahanati akaita kindege cha hospitali kubwa, maana dawa ilikuwa huko. Lutonja akampakia mkewe kwenye guta, ile baiskeli yake ya mizigo, akakanyaga pedeli mpaka langoni. Kindege kilikwisha kutua. Alikiona kwa macho yake, panga lake la mbele linazunguka, rubani anapunga mkono. Moyo ukamtulia.

“Mama Shija, tumefika.”

Meja na meneja walikuwa wamesimama pale pale langoni.

“Fungueni, wakubwa wangu! Ana sumu ya nyoka huyu!”

“Pole, mzee,” meja akasema. “Mgonjwa ni raia. Aanze meneja, yeye ndiye mwenyeji.”

Lutonja alidhani hakusikia vizuri.

“Mwenyeji mimi?” meneja akang'aka. “Ardhi ya jeshi hii, afande. Mimi mgeni tu.”

“Mgeni gani ana kufuli?”

“Na mwenyeji gani hafungui?”

Lutonja akapiga magoti topeni. “Jamani, si mliugombea wenyewe huo uenyeji?”

 Funguo walikuwa nazo, zinaning'inia viunoni. Kila mmoja alikuwa akiitazama mikono ya mwenzake. Kwenye guta, Nyanjige akanong'ona kwa ulimi mzito, “Baba Shija... wameshapewa mke mmoja.”

Lutonja akageuka. Macho ya mkewe yalikuwa wazi, hayamtazami mtu.

Alipomfunika uso kwa kanga, ndipo akasikia nyuma yake: kacha! kacha! Kufuli mbili zimefunguka kwa mpigo, maana sasa kila mkubwa alitaka aonekane ndiye aliyeanza, lawama ya kifo imwangukie mwenzake. Lango likawa wazi lote, na kindege kile pale.

“Pita, mzee wetu, pita,” wakamwambia.

Lutonja akabaki anawatazama kama mtu aliyepigwa rungu la kisogo.

“Nipite niende wapi?”

Akageuza guta. Njiani watu wakamuuliza, “Vipi, Baba Shija, wamekufungulia?” Hakuwa na jibu jingine ila hili, na ndilo tulilobaki nalo mpaka leo, wakubwa wale wakiwa wameshapandishwa vyeo:

“Wamefungua. Lango la wenyeji wawili, ufunguo wake maiti.”