Kinyozi wa Kisimani

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wananyoana, ukame uliingia mbugani ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyasi zikaisha. Waliostawi ni kupe tu. Sungura akawatazama wanawe walivyokonda, akajiuliza ni kitu gani kilicho kingi siku hizi. Kupe. Basi akachukua wembe, kitana na kigoda, akaanza kunyoa watu kando ya kisima.

Hakudai makubwa. Unaleta ulicho nacho: kiazi, konzi ya mtama, hata ganda la muhogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kigoda chake unacheka mpaka kupe wanadondoka wenyewe. Foleni ikarefuka, na mashavu ya watoto yakaanza kurudi.

Fisi akaiona ile shibe. Kazi yenyewe hakuiona. Siku moja Sungura alipoinama kuchota maji, Fisi akabeba wembe, kitana na kigoda, akahamia upande wa pili wa kisima. Sungura akaenda kushtaki kwa Simba.

Simba hakugeuza hata shingo. "Mwenye kigoda ndiye kinyozi," alisema. "Kesho namwoza binti yangu, na Fisi ndiye atakayenitengeneza. Akinipendeza, kisima ni chake. Wewe utahama na wanao."

Sungura akawafikiria wanawe. Ahamie wapi na watoto, kwa jua lile? Akainama. "Nimesikia, Mfalme. Ila mfalme hanyolewi mkavu. Niruhusu nikupake mafuta, Fisi anyoe."

"Hapo umesema," alijibu Simba, ambaye kila akiitwa Mfalme shingo humrefuka.

Kesho yake Sungura akampaka mafuta ya mkia wa kondoo. Alimpaka jamani, alimpaka mpaka yakachuruzika masikioni. Wageni wa arusi wamejaa, Fisi huyo anakuja na kitambaa begani, maringo kibao.

Akakata shungi la kwanza. Harufu ikampanda puani, akajikaza. Akakata la pili, mate yakamtoka. La tatu alilisogeza karibu na mdomo, alitazame tu. Likaingia.

"Mbona kimya?" Simba akauliza. "Sungura huwa ananipigia soga."

"Mm," alijibu Fisi, mdomo umejaa.

Basi tena, wembe ukasahaulika. Fisi akatafuna shungi baada ya shungi, akalamba kisogo, akalamba sikio, akafumba macho kwa utamu. Wageni waliuma midomo wasicheke. Tembo alishindwa, akacheka mpaka mkonga ukajifunga fundo.

Sasa, desturi ya vinyozi wa mbugani ni kwamba nywele za mteja hukusanywa zote akakabidhiwa mwenyewe, zisije zikaangukia mikononi mwa wachawi. Simba akanyoosha kiganja. "Nipe nywele zangu."

"Zipo salama, Mfalme."

"Zipo wapi?"

Fisi akacheua.

Simba akajipapasa kichwa: upande mmoja kipara, upande mwingine nywele zimelowa mate. Alichonguruma hakirudiwi mbele ya watoto. Fisi alitoka mbio hata kicheko chake kikabaki nyuma.

Sungura akaokota wembe wake. "Tulia, Mfalme. Tuuache hivyohivyo upande mmoja. Ukinyoa pande zote utafanana na kila mtu." Simba akajitazama kisimani, akajipenda. Kabla ya pilau kuiva, simba vijana wote walikuwa wamepanga foleni wanyolewe upande mmoja, kila mmoja na kiazi chake mkononi.

Arusi ilipokwisha, Fisi akaja akinyata, tumbo linamsokota. "Ndugu yangu Sungura," alisema, "nilichukua kigoda, nikachukua wembe, nikachukua kitana. Nilibakisha nini?"

"Mikono uliiacha kwangu," Sungura akamjibu bila kuacha kunyoa. "Halafu tumbo ukaja nalo kazini."