Karatasi Moja ya Namkunda

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa, maana kisa hiki sina mwisho wake. Mwisho nitautaka kwenu. Nimekisimulia mara nyingi na kila mara watu wamegombana, wengine wakaondoka hata chai yangu hawakumaliza. Mimi mwenyewe kimenishinda.

Katika mji mmoja mdogo chini ya milima ya Upare waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Mbwambo, anayefundisha hisabati katika sekondari ya pale mjini. Kipaji chake ni kupima kichwa cha mtu. Ukifanya hesabu mbili tu ubaoni anajua utafika wapi, na hajakosea bado. Tena hasemi uongo, hata ule wa kumfariji mgonjwa.

Wa pili ni Shangazi Eliwaza. Kipaji chake ni kutunza siri. Miaka minane mji mzima umeamini kwamba kaka yake yuko Zambia kikazi, na kumbe yuko chumba cha uani, amepotewa na akili. Siku moja, akiwa bado na nafuu, kaka huyo alimshika mkono akamwambia, "Watu wasinione hivi." Eliwaza akaapa.

Wa tatu ni Mzee Kibacha, mwenye taipu barazani kwenye ofisi za wilaya. Kipaji chake ni barua. Ukitaka kazi, uhamisho au kiwanja, unapanga foleni mbele ya taipu yake, na wengi waliofanikiwa wilaya ile wamefanikiwa kwa maneno yake.

Yule kaka wa Eliwaza ndiye baba wa Namkunda, na Namkunda alikuwa kama mtoto wa wote watatu. Tangu ana miaka kumi, kila asubuhi alimnywesha baba yake uji, akamnyoa ndevu, akamwimbia mpaka atulie, ndipo akaenda shule kuwa wa kwanza. Alitaka jambo moja tu maishani, kusomea ubongo wa binadamu.

Alipofika kidato cha sita aliomba vyuo sita vya ng'ambo, vile ambavyo katika kila waombaji mia huchukua wanne, na ukichukuliwa nawe huna uwezo wa kulipa, unasomeshwa bure. Najua kuna atakayeniambia vyuo viko hapa nyumbani. Viko, na ni vizuri. Lakini kimoja kati ya vile sita kina maabara inayochunguza ugonjwa ule ule wa baba yake, na msichana alipozisoma habari hizo, moyo wake ulihamia huko.

Akawauliza wote watatu swali moja: "Mnaonaje, nina nafasi?"

"Miaka ishirini na miwili sijafundisha kichwa kama chako," alisema Mwalimu Mbwambo. "Nafasi unayo." Kisha vyuo vikataka alama zake za shuleni. Sasa shule zetu mnazijua. Mitihani ya ndani husahihishwa kwa ukali ili mtoto asibweteke kabla ya mtihani wa taifa. Kwa Mwalimu Mbwambo hakuna aliyewahi kupita sitini na nane, na Namkunda alikuwa na hiyo sitini na nane. Mwalimu akaiandika kama ilivyo, akapiga muhuri, akarudi nyumbani roho yake nyeupe. Kwamba anayefuata darasani alikuwa na arobaini na mbili, hilo hakulisema, kwa kuwa fomu haikumuuliza.

"Mungu akipenda utapata," alisema Shangazi Eliwaza. Kisha fomu ikauliza kwa nini anataka fani ile. Namkunda akaandika ukurasa mzima wa baba yake, uji, wembe na nyimbo, akamsomea shangazi. Shangazi akaacha kuchagua mchele.

"Haya yanatoka humu ndani?"

"Yanakwenda mbali, shangazi. Huko hawatujui."

"Niliapa, mwanangu. Sikuapa kwa watu wa hapa tu."

Hakumwambia auchane. Namkunda aliuchana mwenyewe, kwa heshima, na vipande akavitia motoni, kwenye fomu akaandika tu kwamba fani hiyo anaipenda.

"Barua ikishapita mkononi mwangu, nafasi unayo," alisema Mzee Kibacha. Fomu ilitaka pia insha, ajieleze yeye ni nani. Mzee aliivaa miwani yake, akasoma alichoandika binti, akatikisa kichwa. "Mbona kila mstari ni mimi, mimi? Mkubwa haandikiwi hivi." Akaanza upya kwa heshima na taadhima, akaomba nafasi katika chuo chao kitukufu ili binti aje kulitumikia taifa lake. Siku mbili nzima aliacha foleni imsubiri, na hakuchukua hata soda. Insha ile ilikuwa nzuri, na ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Vyuo vitano vilikataa. Majibu yalikuja wiki moja, moja baada ya jingine, na Namkunda aliyasoma amesimama. Lile la tano hakulisoma mpaka mwisho.

Cha sita, kile chenye maabara, hakikukataa wala hakikukubali. Kilimweka kwenye orodha ya kusubiri. Walikuwa mia saba kwenye orodha hiyo, na mwaka uliotangulia walichukuliwa watatu. Barua ilisema hivi: alama zako ziko chini kuliko tulivyotarajia, hatukuelewa kwa nini unaitaka fani hii, na insha yako haikutuonyesha wewe ni nani. Mtu mmoja anayekufahamu anaweza kutuandikia ukurasa mmoja kabla ya Ijumaa. Asiwe wewe, kwa kuwa wewe tumekwisha kukusikia.

Namkunda alipofika hapo alicheka, na kicheko kile kilimtisha shangazi yake kuliko kama angelia.

Alhamisi mchana walikutana sebuleni kwa Eliwaza, wote wanne, karatasi moja nyeupe mezani. Siku hiyo ndipo wageni wawili walipojua kwamba Zambia ilikuwa chumba cha uani, maana baba alikuwa akiimba na hakukuwa na namna ya kumficha.

"Niandike mimi," alisema Mwalimu Mbwambo. "Nitawaambia alama zangu ni za kutisha watoto."

"Kwa hiyo si za kweli?" aliuliza Shangazi Eliwaza.

Mwalimu alikiri. "Si za kweli. Na wanafunzi wangu wote wa nyuma walionyimwa nafasi kwa alama hizo watajua aliyewanyima ni mimi. Iwe tu."

"Niandike mimi," alisema Mzee Kibacha. "Niwaambie insha ni yangu, binti hawajamsikia bado."

"Watamfuta siku hiyo hiyo, Mzee," alisema Mwalimu. "Wataita udanganyifu."

"Au watataka kumsikia. Sijui. Nimeandika barua miaka arobaini na hii sijui itajibiwaje."

Shangazi Eliwaza alikuwa akiikunja na kuikunjua khanga yake. "Ninayeweza kuwaambia kwa nini anaitaka fani hii ni mimi," alisema. "Lakini kinywa changu nilikifunga mwenyewe."

Hapo wimbo ulikatika. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Akawatazama wote, akaitazama karatasi.

"Andikeni kwamba nipo," alisema.

Namkunda akainuka kumshika mkono, na baba akamtazama usoni kwa adabu, kama mtu amtazamavyo mgeni. "Samahani, binti," akamwambia. "Wewe ni wa nani?"

Akarudishwa chumbani. Eliwaza akaketi, machozi yakimshuka. "Aliyeniapisha alikuwa na akili zake," alisema. "Huyu aliyeniruhusu sasa hivi, alikuwa kaka yangu, au ulikuwa ugonjwa?"

Mzee alivua miwani yake, Mwalimu akaitazama karatasi.

Na Namkunda? Aliisogeza karatasi katikati ya meza. "Katika mia saba watachukua watatu," alisema. "Mwalimu akiandika, atakuwa amejiharibia jina kwa ajili ya nafasi hiyo. Shangazi akiandika, atakuwa amevunja kiapo kwa ajili hiyo hiyo. Mzee akiandika, huenda jina langu likafutwa. Na mkiacha, nimekwisha. Mimi siwezi kuchagua. Wote mmenilea." Akaenda uani kummalizia baba yake upande wa pili wa ndevu.

Hapo ndipo ninapofika kila mara, na hapo ndipo chai inapopoa. Kila mmoja alimsaidia kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo, na kwa kitu hicho hicho akamzibia njia. Karatasi ni moja, kesho ni Ijumaa, na barua yoyote itaziba tundu moja iache mawili wazi.

Karatasi hiyo sasa iko mbele yako. Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa nani kalamu?