Mtoto Aliyemfungia Maji Mzee Kangero

Kabla hujaipeleka hadithi hii kwa mwingine, isome mpaka mwisho. Kisha umpelekee kwanza yule ambaye nyumbani kwake kuna mtoto njiani.

Katika nchi moja ya milima, watu waliishi kwa maji ya mfereji. Mfereji ulikuwa mmoja na mashamba yalikuwa mengi, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika, unabandua bonge la udongo na magome ya migomba lililoziba njia ya kuingia shambani kwako, maji yanapita. Zamu ikiisha unaziba tena, jirani naye apate.

Mwenye neno la mwisho juu ya zamu alikuwa Mzee Kangero, msimamizi wa mfereji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na amri akishaitoa hakuwa na tabia ya kurudi nyuma kuangalia imemwangukia nani.

Juu kabisa mlimani aliishi mkulima kijana, Sekiete, na mkewe Nambike. Mwaka ambao Nambike alibeba mimba yao ya kwanza, tawi la mfereji linalopeleka maji mashamba ya juu lilibomoka. Mzee Kangero akaamuru lijengwe baada ya mavuno ya bondeni, si kabla, kwa sababu mikono yote ilihitajika huko chini.

Maharage ya Nambike yakakauka yakiwa bado na maua. Mimba ikakua kwa mlo mmoja kwa siku, na mara nyingine mlo wenyewe ulikuwa ndizi ya kuchoma na maji.

Nakunde alipozaliwa, shangazi yake Sekiete alifunua nguo, akachungulia, akasema, "Jamani, huyu mbona kama ametumwa kuchungulia tu, mtoto mwenyewe anakuja nyuma?"

Watu wakacheka. Sekiete naye akacheka. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba mpaka macho yalipokauka.

Mvua zilirudi, tawi likajengwa, maji yakapanda tena. Lakini hofu ya Sekiete haikushuka. Kila asubuhi alimpima mtoto kwa macho. Watoto wa bondeni wa rika lake waligeuka, Nakunde alilala alivyolazwa. Walipokaa, yeye aliinua kichwa tu. Walipotambaa, yeye ndiyo kwanza anakaa, tena kwa kuegemezwa.

Sasa, wakulima wa mlima ule walikuwa na mazoea yao. Shamba likikosa zamu, mwenye shamba alilifidia: zamu inayofuata aliacha maji yakaingia maradufu, usiku na mchana, mpaka moyo wake uridhike. Sekiete akaona na mtoto ni hivyo hivyo. Amekosa alipokuwa tumboni, basi alipwe kwa mkupuo.

Akaanza kukoroga uji mzito, akamshindilia Nakunde kijiko juu ya kijiko. Mtoto alitapika, akaharisha, akakataa hata ziwa la mama yake.

"Baba Nakunde, weka bakuli chini," alisema Nambike.

"Anatakiwa awafikie wenzake."

"Atawafikia akiwa hai. Hebu nenda kaangalie yale maharage uliyoyafidia juzi, kisha urudi tuongee."

Sekiete alikwenda huku akinung'unika. Alikuta miche imelala kwenye tope, mizizi iko nje, majani ya manjano. Maji yaliyokuja kuiokoa ndiyo yaliyoing'oa. Pembeni, kwenye kona ambako maji yalipenya polepole kupitia ufa wa tuta, miche michache ilikuwa imesimama, midogo lakini ya kijani.

Alirudi, akalisogeza bakuli kando, akauliza, "Tufanyeje?"

"Kwanza mimi nile nishibe, nipate maziwa," alisema Nambike. "Yeye tutampa kidogo, mara kwa mara, na kila tunachokula kilainishwe aonje. Halafu tuongee naye."

"Tuongee naye nini? Hata neno 'mama' hajalisema bado."

"Atasema na nini, kama hajasemeshwa?"

Basi Nambike akawa anambeba mgongoni kila aendako, na mdomo haufungi. Akifungua maji anasema, "Tunafungua, unaona? Hayo yanapita." Akiziba anapiga udongo mara mbili kwa kiganja na kusema, "Basi! Na wenzetu wapate." Majirani walimwona kama mtu anayejisemesha mwenyewe. Sekiete aliona aibu mwanzoni. Baadaye akajikuta na yeye anamsimulia binti yake habari za jembe, za kuku na za mawingu.

Nakunde akaanza kunenepa mashavu. Lakini kusimama, hapana.

Na siku ya kufungulia maji ilikuwa inakaribia.

Siku hiyo ndiyo Sekiete aliyoiogopa kuliko zote. Kila mwaka, mfereji ukishasafishwa, watoto wote waliotimiza mwaka mmoja waliwekwa chini uwanjani, mbele ya watu. Mtoto akisimama na kumfuata mzazi wake, nyumba yake iliongezewa zamu ya maji, kwa sababu mla ameongezeka na mfanyakazi anakuja. Asiposimama, nyumba ilingoja mwaka mwingine.

Kule juu jua lilikuwa kali na zamu moja haikutosha. Bila ya pili, maharage yangekauka tena. Nambike angenyonyesha kwa njaa tena, na kila walichokijenga kwa kijiko kingebomoka.

Siku ikafika. Uwanjani palipita mfereji mwembamba, upana wa kiganja tu, uliokwenda kwenye bustani ya Mzee Kangero mwenyewe. Watoto walipangwa kandokando yake. Jirani yao wa bondeni, Mchome, alimweka chini mwanawe, dume la mtoto, mapaja kama magogo. Akamtazama Nakunde.

"Jirani, wa kwako umemfunga kamba nini? Mbona ametulia hivyo?"

"Anafikiri," alisema Sekiete.

"Haya, afikiri haraka. Jua linapanda."

Mzee Kangero akainua fimbo, na wazazi wakarudi nyuma wakaanza kuita. Mwana wa Mchome akasimama, akayumba, akaenda. Mwingine akafuata, na mwingine. Watu wakapiga vigelegele.

"Nakunde! Njoo kwa baba!" Sekiete aliita mpaka sauti ikakatika.

Nakunde alimtazama, akatabasamu, akabaki amekaa. Pembeni yake walikuwa wamebaki watoto wengine watatu, nao wamekaa.

Sekiete akafumba macho. Hivyo hakuona binti yake alipogeuka kuutazama mfereji.

Nakunde alichota tope kwa mikono miwili. Akaliweka katikati ya maji. Likamomonyoka. Akachota jingine, akaliongezea kipande cha gome la mgomba kilichokuwa karibu, akakandamiza. Kisha akapiga kwa kiganja mara mbili, pa, pa.

"Baaa-si!" akasema.

Maji yakasita, yakapanda, yakageuka, yakaenda moja kwa moja kwenye miguu ya Mzee Kangero na kuzijaza ndala zake.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. "Amemfungia maji Mzee Kangero!" "Zamu yako imekwisha, Mzee!" Shangazi yake Sekiete alicheka mpaka akashika nguzo. Sekiete alifumbua macho akidhani wanamcheka mwanawe, mpaka alipoona ndala za mzee zimemtoka, zinaelea.

Mzee Kangero hakucheka. Aliinama taratibu akatazama ile kazi: udongo, gome, udongo.

"Nani amemfundisha huyu?"

"Hakuna, Mzee," alijibu Nambike. "Yuko mgongoni kwangu siku zote. Ninachofanya ninamwambia."

"Na hatembei."

"Bado."

Mzee akainua macho kwa wale watatu waliokaa. "Huyu ni wa nani?" Mama mmoja akajitokeza. "Unakaa wapi?" Juu, Mzee. "Na huyu?" Juu. "Huyu je?" Juu, Mzee, nyuma ya Sekiete.

"Mimba zenu zilikuwa mwaka gani?"

Nambike akasema, kwa heshima, bila kuinua sauti, "Mwaka ule tawi lilipobomoka, Mzee. Tulipongoja mavuno ya bondeni."

Mzee Kangero alisimama pale, maji yakimpita vidoleni. Sekiete alimwona akiwatazama watoto wanne, mmoja mmoja, kama mtu anayerudia amri yake ya zamani na kuisikia kwa mara ya kwanza.

"Basi waliochelewa si watoto hawa," alisema. "Yaliyochelewa ni maji yangu."

Hapo hapo akatangaza. Nyumba zote nne zingepata zamu ya pili kuanzia siku ile. Na tangu sasa, nyumba yenye mjamzito au anayenyonyesha isirukwe zamu kwa sababu yoyote. Mfereji ukibomoka, watu waache hata mavuno wakaujenge, na wakati huo watu wa bondeni wapeleke chakula juu. Ile desturi ya kuwasimamisha watoto mbele ya watu ikaishia siku hiyo.

"Na huyu binti," aliongeza akiokota ndala zake, "aniachie bustani yangu."

Mchome alikuja akampiga Sekiete begani. "Kweli alikuwa anafikiri," akasema. Jioni yake alipanda mlima na kikapu cha maharage.

Nakunde alitembea wiki chache baadaye. Hapakuwa na vigelegele wala fimbo. Kuku alipita na ganda la ndizi mdomoni, Nakunde akasimama, akamfuata hatua tano, akaanguka, akainuka, akaendelea na safari yake. Sekiete alikuwa mlangoni. Alitaka kumwita Nambike, lakini akajikuta amekaa kizingitini akicheka peke yake.

"Kuna nini huko?" Nambike aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna neno," alisema Sekiete, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, ilikuwa kweli. "Njoo uone."

Funzo: Makuzi ya mtoto huanza kwenye sahani ya mama yake, hata kabla hajazaliwa. Aliyezaliwa mdogo hajahukumiwa. Mlishe kwa kiasi na mara kwa mara, mtunze mama anayemnyonyesha, zungumza naye kabla hajajua kujibu. Na kabla hujauliza kwa nini mtoto amechelewa, uliza kwanza ni nini kilichochelewa kumfikia.